Kikohozi Nilichokificha

Lubumbashi, Katuba
Jumapili, 21 Januari 2024

Mama mpenzi,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe na magoti yako yote mawili. Bado yanakusumbua mvua ikikaribia? Sisi huku tupo. Plamedie amerudi shule, na Mapalo anakula kama mtu mzima ingawa ana miaka mitatu tu. Barua hii nampa Rigobert, anakuja huko na lori kuchukua unga. Usiniulize kwa nini sikupiga simu. Simu yako inasikilizwa na nyumba nzima.

Mama, jana ndugu za Liévin walikuja. Siku arobaini ndiyo zimetimia tangu shimo la madini limfunike mume wangu. Aliyesema ni baba yake mkubwa, mzee Mwansa, wengine walitazama chini. "Muke ya mutoto wetu haweze kubakia vile. Kivuli ya mufu iko juu yake." Wanataka nisafishwe kwa desturi yetu: nilale na Kalaba, mdogo wake Liévin, siku moja tu, asubuhi anifunge ushanga mweupe mkononi, niwe mtu kati ya watu. Mpaka hapo nisitie chumvi katika chakula cha mtu yeyote, maana atakayekula atakohoa mpaka afe.

Niliwajibu vizuri, ungejivunia. Nilisema nilifunga ndoa kanisani, ndoa imekwisha kwa kifo, na mwilini mwangu hamna kivuli cha mtu, mna ubatizo. Nikawasindikiza mpaka njiani kwa heshima zote. Halafu nikaingia jikoni kupika majani ya sombe, nikashika chumvi, mkono ukakataa. Nikamwita Plamedie atie yeye. Tangu hapo ni yeye anayetia, hata kwenye maharage ninayouza barabarani, kabla hajaenda shule. Ana miaka tisa, na amekwisha kunitazama kwa jicho la kuuliza.

Mama, nimesema maneno makubwa mbele ya watu na ninaogopa kijiko cha chumvi. Niombee.

Binti yako,
Wivine


Mokambo, 2 Februari 2024

Mwanangu Wivine,

Barua yako imefika ikinuka mazuti ya lori, sijui Rigobert huwa anaziweka wapi. Magoti yapo, yanalalamika kuliko mimi. Nashukuru wajukuu ni wazima. Wabusu wote wawili. Sasa nisikilize.

Usicheze na jambo hili. Baba yako alipofariki mwaka 98 mimi nilikuwa Mkristo tayari, tangu kabla wewe hujazaliwa. Nilikuwa Legio ya Maria, nilibeba bendera ya Bikira kwenye maandamano. Na nilisafishwa. Mzee Katongo, mjomba wa baba yako, aliingia nami chumbani, na asubuhi nilitoka na ushanga mkononi mbele ya watu wote. Jumapili yake nikapokea komunyo. Padri hakuniuliza, nami sikumweleza. Nani amekuambia lazima uchague?

Siku moja, Wivine. Unafumba macho, inapita. Kalaba si mtu mbaya, angalau hanywi kama wengine. Mungu hatakutupa kwa ajili ya siku moja, lakini wafu hawasahau. Nimezika ndugu zako wawili baada ya baba yako, nawe unajua walivyokohoa. Sina nguvu ya kuzika tena.

Na huyo Plamedie mwache aendelee kutia chumvi. Hapo umefanya akili.

Mama yako


Lubumbashi, Katuba
Jumapili, 25 Februari 2024

Mama yangu,

Salamu nyingi. Natumaini umeamka vizuri na magoti hayajakasirika. Hapa si vizuri sana, na nitakueleza yote, ila kwanza nikuulize jambo ambalo limenizunguka kichwani tangu barua yako. Wewe ulisafishwa, na bado ndugu zangu walikufa. Sasa huo ushanga ulizuia nini? Sikuulizi kwa dharau, nataka kujua.

Maharage yangu hayanunuliwi. Mtu amepita sokoni na neno, simjui, au namjua. Madereva wa mgodi wa Kinsevere waliokuwa wanasimama kila asubuhi, sasa wanapiga honi na kupita. Wamama wa jumuiya walikuja kusali nyumbani kwangu Alhamisi, tukaimba vizuri, wakanishika mikono, wakaniambia nisiogope. Nilipoleta sahani, kila mmoja alikuwa ameshiba. Mmoja alikuwa amekuja na mkate wake kwenye mfuko, akaula nje akidhani simwoni. Jirani Ramla peke yake alikula. Yeye ni Mwislamu, watu wao ni wa Maniema, alicheka akasema, "Shiye kwetu hii haiko. Leta sahani, mama, njala haina kivuli." Nilicheka pia, Mama. Kisha niliingia ndani nikalia.

Na sasa lile ambalo sijamwambia mtu. Mapalo anakohoa. Leo ni siku ya tisa. Kifua kinalia kama kuna kitu ndani. Nampa asali na ndimu, nampaka mafuta. Wakipita watu wa ukoo nafungua redio kwa sauti, au nambeba nyuma ya nyumba. Juzi mzee Mwansa alisimama kunisalimu, mtoto akataka kukohoa mgongoni kwangu, nikamfunika mdomo kwa kitenge. Nikimpeleka hospitali, Katuba nzima itatuona tukipita, na watasema: haya, umeona sasa. Nasubiri kipungue kwanza.

Kila asubuhi nasema Nasadiki yote, toka mwanzo mpaka mwisho, halafu nasikiliza kama anakohoa.

Binti yako,
Wivine


Mokambo, 4 Machi 2024

Wivine, mwanangu,

Sikuulizi habari, habari umenipa. Tangu nisome barua hii sijatulia.

Swali lako usiniulize tena. Kuna mambo mtu huenda nayo kaburini.

Nimefanya jambo na nataka ulisikie kwangu. Nilimwita Kalaba na mzee Mwansa, wakaja Jumamosi, wakaniletea kuku mweupe wa kuomba ridhaa. Nimempokea. Unajua maana yake: mama wa mjane akimpokea kuku, neno limekubaliwa, mjane hana tena la kusema. Watakuja kwako Jumamosi tarehe 16. Oga, vaa kitenge cheusi, watoto waende kwa Ramla. Usiwapigie watu mahubiri.

Utanichukia. Nichukie ukiwa hai, na mtoto akiwa hai. Mimi naweza kuishi na hilo.

Mama yako


Lubumbashi
Jumapili ya Pentekoste, 19 Mei 2024

Mama,

Nakusalimu. Natumaini una afya. Najua Rigobert alikupa habari kwa mdomo, na najua ulituma watu kwenye kilio. Miezi miwili sikuweza kukuandikia. Leo nitaandika mara moja, nisirudie.

Walikuja tarehe 16 kama mlivyopatana, watu sita. Mapalo hakwenda kwa Ramla kwa sababu hakuweza hata kukaa. Alikohoa mbele yao wote na mara hii hapakuwa na redio. Hakuna aliyefurahi, nisiwasingizie. Shangazi mmoja alilia. Nikasema niacheni nimpeleke hospitali, mengine baadaye. Mzee Mwansa akasimama kwenye njia ya kutokea uani, mlangoni pa lupango. "Kwanza kivuli itoke, kiisha lopitali. Ukienda naye vile, atakufa mu njia." Akasema pia kwamba mama yangu amempokea kuku.

Na mimi niliingia chumbani, Mama. Ujue hilo. Mimi mwenye maneno makubwa, niliingia, nikakaa kitandani, nikaanza kufungua kitenge. Sikumkumbuka Kristo wala kipaimara changu. Nilimkumbuka mtoto tu. Kalaba alikaa kwenye kiti. Akasema kwa sauti ndogo, "Shemeki, miye pia naogopa. Balinituma tu." Nikamtazama, kijana mzima anatetemeka, nami natetemeka, na huko nje wote wanatetemeka, na aliyekuwa anakufa ni mtoto peke yake. Nje Mapalo akakohoa tena. Nikafunga kitenge. Nikasema, Bwana, naogopa, naenda. Ndiyo sala yote niliyokuwa nayo. Nikatoka, nikamfunga mgongoni, nikampita mzee Mwansa nikamgusa bega, na hakufa yeye wala mimi.

Hospitali daktari alimsikiliza mgongo muda mrefu. Ni msichana mdogo, hakutaka kuniumiza. "Maman, ulikuwa wapi? Mutoto anakohoa wiki ine, juu ya nini unamuleta leo?" Akasema ni nimonia, ikiwahiwa mapema inapona kwa dawa za siku saba. Alimwekea oksijeni. Mapalo alifariki Jumatano mchana. Aliniomba maji, nikageuka kuchukua kikombe.

Mama, hakuuawa na baba yake. Liévin alimpenda mtoto yule kuliko macho yake, hata akifa hawezi kumkaba. Aliyemuua ni hofu, na hofu hiyo ilikuwa mikononi mwangu, ndiyo iliyomfunika mdomo kwa kitenge. Nimelisema hili kwa padri na nalisema kwako. Kama ningeacha akohoe, watu wakasikia, wakasema yao, angekuwa hapa anamwaga unga.

Kwenye kilio nilipika mwenyewe. Nilitia chumvi kwa mkono wangu, nikasema sala ile ile. Ramla alikula, Kalaba alikula, mimi na Plamedie tulikula. Wengine walikaa na njaa siku tatu. Tangu hapo natia kila siku. Hofu haijaondoka, kila asubuhi inanisubiri jikoni. Nasema, Bwana, naogopa, natia. Halafu natia.

Sasa ukoo umeitisha baraza Jumamosi tarehe 22 Juni. Wanasema mjane asiyesafishwa amemuua mtoto wao, kwa hiyo Plamedie achukuliwe kabla sijammaliza naye. Mzee Mwansa amekwisha kumtafutia pa kukaa, Mitwaba, kwa dada yake, mbali na mimi. Huyo tu ndiye aliyenibakia duniani.

Sikuandiki kukuomba kitu. Ulimpokea kuku.

Wivine


Mokambo, 2 Juni 2024

Wivine mwanangu,

Hukujiita binti yangu katika barua yako. Nimeona. Siwezi kukulaumu, na magoti leo tuyaache.

Uliniandikia mtoto anakohoa siku tisa. Nilirudia kusoma barua niliyokujibu, nilikuwa nimebaki na nakala yake. Hamna humo neno hospitali. Nilikuandikia kuku, kitenge cheusi, tarehe. Bibi yake mzima, sikuandika hospitali. Kwa hiyo usijibebee peke yako, mkono wangu pia ulikuwa juu ya mdomo ule.

Uliniuliza ushanga ulizuia nini. Sasa nakujibu, na wewe ni mtu wa pili kusikia, wa kwanza ni padri, juzi.

Mimi sikusafishwa. Mzee Katongo alikuwa katekista, ulikuwa mdogo, humkumbuki. Walipotufungia mlango, alivuta kiti akakaa mbali. Akasema, "Mwanangu, miye sitakugusa. Tusali rozari. Kesho nitakufunga ushanga, na sote tunyamaze." Tukasali. Asubuhi tukatoka, wanawake wakapiga vigelegele. Nilidhani tumeshinda. Baada ya miezi miwili mzee Katongo alianguka shambani akafa. Nikasema, nimemuua. Ndugu zako wakakohoa mmoja baada ya mwingine. Nikasema, nimewaua. Liévin alipofukiwa na shimo, nilihesabu ni mara ngapi alikula kwangu. Miaka ishirini na sita, Wivine, nimekula komunyo nikiwaogopa wafu kuliko ninavyomwamini Bwana. Sijatia chumvi kwa mkono wangu tangu 98. Ulidhani mama yako anapenda kutumikiwa.

Ndiyo sababu nilikusukuma. Sikukusukuma kwa sababu nilisafishwa nikaona faida. Nilitaka wewe ufanye nilichoshindwa, ili kivuli kiridhike na kutuacha sote.

 Padri alisema kukaa kwenye kiti na kusali rozari na mzee wa watu si dhambi. Dhambi ni kukuuza wewe kwa ajili ya hofu yangu. Hakuniambia kwa ukali, na ingekuwa afadhali. Akanipa kitubio kidogo mno. Nikatoka nikiona hakitoshi.

Nimesoma barua yako mara saba. Kama wewe uliyempoteza mtoto unaweza kuandika kwamba hakuuawa na wafu, mimi nimebakiza nini cha kuficha? Tarehe 22 nitakuja. Nitaingia kwenye lori la Rigobert hata kwenye magunia. Usininyime mahali pa kukaa.

Mama yako, kama bado unanitaka


Lubumbashi, Katuba
Jumapili, 30 Juni 2024

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa upendo wote. Ulifika salama? Rigobert anasema damu ya kichwa ilikuwa imekauka. Paka dawa ile ya njano, usiache kidonda wazi.

Walikuondoa haraka, hukuona yaliyofuata, kwa hiyo nakuandikia.

Uliposimama katikati ya lupango nilidhani umekuja kuomba radhi ya ukoo. Watu wote walidhani hivyo, mzee Mwansa alikusogezea hata kiti. Nawe ukakataa kiti. "Kama mujane mwenye hakusafishwa anauwaka bantu, basi miye njo niliua bote. Miaka makumi mbili na sita sikusafishwa. Munihukumu miye. Muache mutoto na mama yake."  Watu thelathini wakapiga kelele mchawi, mchawi, na jiwe likatoka upande wa vijana, na Kalaba akakukinga mpaka kwenye lori. Yeye amevunjwa kidole. Hajarudi kwao, analala kwa rafiki, amesema atakuja kukusalimu huko.

Mlipoondoka, mzee Mwansa alikaa chini. Alionekana mzee kwa mara ya kwanza. Kisha akasema Plamedie asiguswe. Si kwa huruma, Mama, nisikudanganye. Alisema mtoto aliyekula kwenye chungu cha bibi kama huyo, hawezi kuletwa kati ya watoto wengine. Wamemkataa. Wakaondoka wote, wakipita mbali na mlango wangu. Mtoto ameokolewa na woga wao, nami sijui namna ya kumshukuru Mungu kwa hilo, ila nimemshukuru.

Plamedie aliniuliza kama ni kweli wewe ni mchawi. Nikamwambia wewe ni mwanamke aliyeogopa muda mrefu halafu akasimama.  Akasema, "Basi akuye kukaa na shiye."

Nami nasema hivyo hivyo. Njoo, Mama. Huko Mokambo habari imekwisha kufika kabla yako, na tumesikia ni wamama wangapi walichomewa nyumba kwa neno hilo. Hapa tuna chumba kimoja lakini kitatosha. Rigobert atakuwa huko tarehe 15. Usibebe vitu vingi.

Binti yako,
Wivine


Mokambo
Jumapili, 14 Julai 2024

Binti yangu Wivine,

Nimeona ulivyojiita. Nimelibusu jina, Plamedie asiambiwe, atamcheka bibi yake.

Kidonda kinapona. Nyumba haijachomwa, ingawa mawe mawili yalipiga bati wiki iliyopita, na mlangoni waliniachia majivu. Kwenye jumuiya wameniondoa kwenye orodha bila kuniambia. Leo kwenye misa benchi langu lilikuwa langu peke yangu, nikanyoosha magoti vizuri kabisa. Wakati wa kupeana amani hakuna aliyenyoosha mkono. Nilipokea komunyo, na kwa mara ya kwanza tangu baba yako azikwe sikuhesabu waliokufa nilipokuwa narudi kukaa. Wafu nimeacha kuwaogopa, mwanangu. Walio hai nawaogopa sana, na sidhani Bwana atanilaumu kwa hilo.

Sasa kuhusu lori la Rigobert. Nilikuwa nimefunga mzigo, ujue nilitaka kuja. Jumanne alikuja binti mmoja wa hapa, anaitwa Chance, mume wake amefariki mwezi wa tano, ana mtoto wa kunyonya. Alikuja kwa mlango wa nyuma, amejifunika kichwa. Akauliza, "Mama, ni kweli haukusafishwa? Na ungali muzima?" Nikamkaribisha. Amekuja tena jana. Wamempangia shemeji yake, mtu anayejulikana ni mgonjwa, na mama yake amekwisha kumpokea kuku. Aliniuliza aseme hapana au aseme ndiyo. Nilimweleza yote ya Mapalo, sikumfichia, hata ya kitenge. Nilimwambia hofu haitaondoka na kwamba watamchukia. Akalia, akasema atasema hapana kama kutakuwa na mtu mmoja upande wake.

Kwa hiyo siji. Wanamjia kesho asubuhi. Mimi nitakuwa nimekwisha kukaa mbele ya mlango wake na kiti changu, na itawabidi wanivuke. Mtoto wake anapiga chafya kidogo. Nimemwambia Rigobert asiondoke na unga kabla ya saa nne, awapeleke hospitali kwanza, wote wawili, watu wakitazama.

Mwambie Plamedie bibi anampenda. Na kama baada ya hii barua nyingine haitafika, ujue tu kwamba sikukimbia.

Mama yako